Makali ya Kushoto

Jumapili ya tarehe 28 Februari 2010, fainali ya Olimpiki ya magongo ya barafuni ilikuwa inachezwa Vancouver, Kanada ikipambana na Marekani, nami nilikuwa zamu katika kibanda cha kunolea viatu vya barafuni, ndani ya uwanja mdogo wa mtaani huku Calgary. Kipindi cha tatu kikielekea ukingoni, Kanada ikiongoza 2-1, akaingia baba mmoja wa Bukavu na viatu vya mwanawe.

"Ndugu yangu, mtoto akikata kulia hana shida. Akikata kushoto anaanguka. Kila mara."

Viatu hivyo nilivinoa mimi Ijumaa yake.

Chuma cha kiatu cha barafuni hakinolewi kama kisu. Kina unene wa karibu milimita 3, na jiwe la mashine huchonga kifereji katikati yake kutoka kisigino hadi kidole, kikaacha makali mawili, ya ndani na ya nje. Kifereji kikienda chini sana, makali huuma barafu na mchezaji hugeuka papo hapo, ila miguu huchoka mapema kwa sababu chuma hakitelezi kwa wepesi. Kikiwa juujuu, anateleza mbali kwa nguvu kidogo, lakini kona inaweza kumtupa. Kipimo chake ni nusu kipenyo cha duara ambalo kifereji ni kipande chake: kikiwa kidogo, kifereji huenda chini zaidi. Asiyejua anachotaka nampa nusu inchi. Mtoto wa kilo 30 nampa 3/8, maana uzito wake hautoshi kuyazamisha makali. Wenye kilo 90 na zaidi wengi hupenda 5/8.

Nililaza kipande cha chuma kilichonyooka juu ya makali, nikainua kiatu usawa wa jicho. Kipande kilikaa upande. Cha pili vilevile: kwenye viatu vyote viwili, makali ya upande wa kulia yalikuwa juu na ya kushoto chini. Anayekata kushoto huegemea makali ya nje ya mguu wa kushoto na ya ndani ya mguu wa kulia, yaani upande uleule wa kushoto, na hapo mtoto hakuwa na cha kumshika.

Chanzo kilikuwa skrubu. Kiatu hubanwa kwenye kishikio, kisha kimo chake hurekebishwa mpaka katikati ya chuma ikutane na katikati ya jiwe. Ijumaa nilikuwa nimetoka kunoa viatu vya kipa, ambavyo chuma chake ni kinene zaidi, na skrubu sikuirudisha.

Zikiwa zimebaki sekunde 24, Zach Parise wa Marekani akasawazisha. Mapumziko kabla ya muda wa nyongeza yakanipa nafasi. Nilirudisha kimo, nikapitisha almasi juu ya jiwe ili uso wake ukae 3/8, nikafuta kifereji cha zamani na kuanza upya. Mkono uwe mwepesi na kasi iwe moja. Ukikandamiza, chuma hupata moto na kugeuka bluu, na hapo ugumu wake umekwisha. Makali hayatamaliza hata mechi moja. Pito la mwisho lilipata tone la mafuta, kisha kinoo cha mkono ubavuni, kuondoa vinyuzi vya chuma vinavyobaki.

Nilikuwa na kiatu cha pili mkononi, muda wa nyongeza ukiwa dakika ya nane, wachezaji wanne kwa wanne. Sidney Crosby wa Kanada alimpa mwenzake Jarome Iginla paki, kile kisahani cha mpira kinachochezewa, ukutani, akakata kuelekea golini huku akiita "Iggy!" Beki wa Marekani, Ryan Suter, alikuwa amekwisha mfikia Iginla. Mshambuliaji akibanwa ukutani namna hiyo, kifua na mabega havimsaidii sana. Msaada uko miguuni. Hukunja magoti, akazamisha makali ya ndani ya miguu yote miwili, ili msukumo wa beki umalizikie kwenye barafu kabla haujamng'oa. Anachopata ni kama nusu sekunde. Uwanja wa Vancouver ulikuwa na upana wa mita 26, si 30 kama viwanja vingi vya kimataifa, kwa hiyo ukuta ulikuwa karibu na kubanwa kulikuwa kwingi. Iginla aliachia pasi akiwa anaanguka. Crosby akapiga, paki ikapita katikati ya miguu ya kipa Ryan Miller. 3-2.

Goli huitwa la Crosby, na ni haki yake. Kwangu mimi kazi ngumu ilifanyika ukutani. Iginla, wakati ule nahodha wa Flames, timu yetu ya Calgary, alimaliza ligi ya NHL na magoli 625 katika mechi 1,554. Msimu wa 2001-02 peke yake alifunga 52. Kombe la Stanley, la ubingwa wa ligi hiyo, hakulipata kamwe. Mwaka 2004 lilimponyoka katika mchezo wa saba wa fainali. Pasi ile haimo katika hesabu hizo, na bado ndiyo ninayowaonyesha vijana wanaocheza winga: waangalie miguu kwanza, gongo baadaye.

Uwanja mzima ulikuwa ukipiga kelele nilipomaliza kile kiatu. Nikalaza kipande cha chuma tena, kikakaa sawa. Mtoto akavaa, nikamwambia azunguke duara la katikati kwa kushoto. Akazunguka mara tatu, ya tatu kwa kasi, asianguke. Baba yake akatoa pesa. Sikuzipokea, kosa lilikuwa langu. Kisha nikachora alama mbili za rangi nyekundu kando ya skrubu, moja ya makipa, moja ya wengine wote.