Leo binti yangu hakulia

Wiki tatu nzima, kila siku ya kusafishwa kidonda ilikuwa vita. Binti yangu ana miaka 7, aliungua mkono kwa maji ya moto, na akimwona tu nesi anavaa glavu anaanza kutetemeka. Mimi ndiye ninayemshika, naye ananiangalia kama nimemsaliti. Hayo macho ndiyo yaliyokuwa yananiumiza kuliko kitu kingine chochote.

Leo wamemvalisha miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayofunika macho na kumwonyesha mtu dunia ya kompyuta kana kwamba yumo ndani yake. Dawa ya maumivu kapewa kama kawaida, maana miwani haichukui nafasi ya dawa. Humo ndani kuna theluji kila upande, na kazi yake ni kurusha matonge ya theluji. Bandeji ya mwisho, ile inayong'ang'ania ngozi, ikatolewa huku yeye anapiga kelele, "Mama, nimempata!" Niliona vidole vya miguu vikijikunja mara moja, vikaachia. Basi.

Nesi akanieleza kwamba maumivu nayo yanahitaji umakini wa ubongo, na umakini huo una kikomo. Mtoto akizama kwingine, maumivu yanabaki na nafasi ndogo. Nimesoma kwamba wanasaikolojia Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walianza kazi hii miaka ya 1990, wakatengeneza SnowWorld, mchezo wa theluji wa miwani hiyo, kwa ajili ya wagonjwa walioungua.

Wazazi wenzangu, ulizeni kama ipo mnakotibiwa. Mwenye mtoto wa kifafa amwambie daktari kwanza, maana picha za humo zinaweza kuchochea kifafa.

Alipovuliwa miwani aliuliza, "Kwani wameshamaliza?"