Saa kumi na mbili ya kule siyo ya kwetu

Nimerudi Mwanza mwezi wa 5 na kila ninayekutana naye, iwe stendi Nyegezi au hapo Kirumba, swali ni lile lile, baridi ya Marekani ulivumiliaje. Jamani baridi inavumilika, unavaa nguo nne unaenda kazini. Kilichonikaa kichwani mpaka leo ni saa, yaani hizi saa zetu za Kiswahili.

Nilienda na ule mpango wa Fulbright wa walimu wasaidizi wa lugha, wanauita FLTA. Ni miezi 9, unafundisha lugha yako chuoni mpaka saa 20 kwa wiki na wewe mwenyewe unasoma kozi mbili kila muhula, halafu unarudi kwenu, visa yenyewe ya J-1 ina sharti la kukaa nyumbani miaka 2 kabla hujafikiria kuhamia kule. Mimi nikapangiwa Madison, jimbo la Wisconsin. Nilipofungua ramani nikakuta mji umebanwa katikati ya maziwa mawili, Mendota na Monona, nikamwambia mama usiwe na wasiwasi naenda sehemu yenye maji kama kwetu.

Somo la saa nilifundisha mwezi wa 9 na nilijiona nimelifundisha vizuri sana. Nikawaambia sisi hatuanzi kuhesabu usiku wa manane watu wamelala, tunaanza na jua, likichomoza ni saa kumi na mbili, likikaa angani saa moja ndo saa moja asubuhi, likizama ni saa kumi na mbili tena tunaanza kuhesabu usiku. Wakaelewa, na mwezi wa 9 hauna shida maana mchana na usiku zinakaribia kulingana dunia nzima. Ikaja mwezi wa 11 wakarudisha saa nyuma, ikafika mwezi wa 12 jua likawa linazama saa kumi na dakika 20 hivi. Siku hiyo tuko darasani, binti mmoja aliyekuwa hakosi kipindi akanyoosha mkono, akaongea Kiswahili taratibu, neno kwa neno, "Mwalimu, sasa ni saa kumi na moja na nje ni giza. Hii ni jioni au ni usiku?"

Nikasimama pale na chaki mkononi sina jibu. Nimezaliwa na hii lugha, nimeisoma mpaka chuo, na sijawahi kujiuliza hilo swali hata siku moja, maana Mwanza iko digrii 2 na nusu tu kusini ya ikweta, kwetu jua halina mambo ya kukimbia, mwaka mzima linatoka na kuzama karibu muda ule ule. Usiku ule sikulala vizuri, nikaanza kuangalia nyakati za jua kwenye intaneti, na hapo ndo nikagundua kitu kingine, kwamba hata hapa Mwanza jua halichomozi saa kumi na mbili kamili, ni kama saa moja kasorobo, kwa sababu tuko magharibi na saa zetu ni zile zile za watu wa Dar ambao linawafikia mapema. Miaka yote naamka gizani kwenda shule nikajua tu ndo asubuhi ilivyo!

Kipindi kilichofuata nikaweka kitabu pembeni, nikachora jua ubaoni, nikachora Mwanza na Madison, tukakaa na hilo jambo kipindi kizima. Tukakubaliana kwamba saa kumi na moja inabaki ya jioni lakini unaongeza "giza limeshaingia", kama ambavyo mtu yeyote wa huku angesema. Katika miezi yote 9 hicho ndo kipindi ninachokipenda kuliko vyote.

Kuna mwingine aliuliza kwa nini samaki aliyekaangwa yuko kwenye sahani bado ni "huyu". Nilimjibu kwamba ngeli haiangalii kama anapumua, ila nikakumbuka pale soko la samaki la Mwaloni tunavyosema "samaki hii bei gani" na mwanzoni nilikuwa nawaficha, naongea Kiswahili cha taarifa ya habari. Nikaja kuacha. Niliwaeleza kwamba bara wengi tunaongea hivyo, na nikawafundisha na sato, sangara, furu, dagaa, maana mtu ukimfundisha "samaki" peke yake akifika hapa hatanunua kitu. Na ng' ya ng'ombe iliyowatesa, mimi mtoto wa Kisukuma ningewezaje kuwaacha bila kuiweza.

Mwezi wa 2 nilitembea juu ya ziwa Mendota. Kwa miguu. Watu wametoboa barafu wamekaa kwenye viti wanavua. Nikampigia mama video, na mama anauza dagaa miaka mingi, akanyamaza kidogo kisha akauliza samaki wanaishije humo. Nikamwambia barafu inaelea juu, chini maji yapo na samaki wapo. Akasema basi Mungu hajawasahau. Nililia pale pale, sijui ni upepo au ni nini, nililikumbuka ziwa letu vibaya mno.

Juzi, mwishoni mwa mwezi wa 6, simu ikalia alfajiri saa kumi na dakika arobaini. Meseji ya yule binti: "Mwalimu shikamoo. Huku ni saa mbili na dakika arobaini usiku na jua linazama sasa hivi." Hakuna kosa hata moja. Mama alikuwa ameshaamka anafunga kanga aende Mwaloni kuwahi mitumbwi, nikamsomea. Akasimama mlangoni na ndoo yake.

"Saa mbili usiku jua bado lipo? Sasa hao wavuvi wa dagaa wanawasha taa saa ngapi?"