Nilivyopima gharama za kusomea udaktari wa meno Marekani nikiwa Tanga

Baada ya kumaliza shahada ya udaktari wa kinywa na meno Muhimbili na kupangiwa kazi Tanga, nilijiuliza kwa muda mrefu kama masomo ya ng'ambo yangeweza kunirudishia fedha ambazo yangenigharimu. Wenzangu wengi hulijibu swali hilo kwa kutazama mshahara peke yake, na ni kweli kwamba mshahara unavutia: takwimu za serikali ya Marekani za mwaka 2023 ziliweka kipato cha kati cha daktari wa meno kuwa dola 170,910 kwa mwaka. Mimi niliamua kuanza na matumizi, kisha nikatafuta ni kipato gani kingeyafidia.

Marekani haiitambui shahada yetu moja kwa moja. Njia inayofuatwa na wengi ni kufaulu mtihani wa taifa uitwao INBDE, wenye maswali 500 yanayofanywa kwa siku mbili, kisha kuomba nafasi katika chuo cha huko na kusoma kwa miaka miwili hadi mitatu. Maombi hupitia mfumo wa pamoja uitwao CAAPID, vyeti hutathminiwa upya, na vyuo vingi humwita mwombaji kwa usaili na jaribio la vitendo, ambapo huchonga meno ya plastiki mbele ya wakufunzi. Mwenzangu tuliyesoma naye, ambaye sasa anafanya kazi Texas, alinitahadharisha kwamba sehemu kubwa ya gharama za hatua hii haionekani katika matangazo ya vyuo: ada ya kila ombi, tiketi ya ndege kwa kila usaili, malazi na viza. Nilizitengea dola 12,000, huku nikijua kwamba zingeweza kwisha zote bila nafasi kupatikana.

Mjomba wangu, mstaafu wa bandari anayeishi Chumbageni, alijitolea kuuza kiwanja cha familia kilichopo Pongwe. "Mwanangu," aliniambia, "kiwanja kitanunuliwa kingine, lakini nafasi haimngoji mtu." Nilimwonyesha karatasi yangu ya hesabu. Bei aliyotajiwa na dalali, shilingi milioni 30, kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola, ilitosha hatua ya maombi tu, na ada ilikuwa bado haijaguswa.

Ada ndiyo iliyobadilisha sura ya hesabu. Katika vyuo nilivyovilinganisha, ilikaribia dola 100,000 kwa mwaka, na kwingine ilizidi hapo. Nilipojumlisha vifaa, bima ya afya, pango na chakula kwa programu ya miaka miwili, nilifikia dola 250,000, yaani shilingi milioni 625. Mwanafunzi wa kigeni hapati mikopo ya elimu ya serikali ya Marekani, na wakopeshaji binafsi wengi hudai mdhamini aliye raia au mkaazi wa kudumu wa kule, mtu ambaye katika ukoo wetu hayupo. Hata hivyo niliendelea kana kwamba mkopo umepatikana. Kwa riba ya asilimia 10 na marejesho ya miaka kumi, ningelipa takribani dola 3,300 kila mwezi, na hadi mwisho ningekuwa nimetoa karibu dola 396,000, bila kuhesabu riba inayojilimbikiza wakati wa masomo.

Mtu anayebaki Marekani na kupata hata dola 150,000 kwa mwaka anaweza kulibeba deni hilo, ingawa kodi, pango na marejesho vitamwachia maisha ya kubana kwa miaka ya mwanzo. Anayerudi Tanga hawezi. Dola 3,300 ni zaidi ya shilingi milioni nane kwa mwezi, na mshahara wangu wa serikali, hata nikiongeza malipo ya jioni ya kliniki binafsi ya Ngamiani, haufiki nusu yake. Tena kubaki si uamuzi wa mtu mwenyewe: viza ya mwanafunzi humruhusu mhitimu wa udaktari wa meno kufanya kazi kwa miezi 12, kisha waajiri wengi hulazimika kumwingiza katika bahati nasibu ya viza ya kazi iitwayo H-1B, yenye nafasi 85,000 kwa mwaka kwa taaluma zote. Kuweka rehani shilingi milioni 625 kwa bahati nasibu ni jambo ambalo sikuweza kulitetea mbele ya familia.

Kulikuwa pia na kipato ambacho ningekiacha. Watu hukisahau kwa sababu hakina risiti. Kwa miaka ya maandalizi na masomo, mshahara ungekatika, ilhali mkopo wangu wa Bodi ya Mikopo, ambao sasa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ungebaki juu yangu.

Uingereza ni nafuu zaidi, kwa kuwa mtihani wa ORE, wenye sehemu mbili, wa kuwasajili madaktari wa meno waliosomea nje, hauhitaji kurudi chuoni. Sehemu ya pili, ile ya vitendo, peke yake hugharimu zaidi ya pauni 4,000, na nafasi zinapofunguliwa hujaa haraka mno, kwa hiyo mtu anaweza kusubiri kwa muda mrefu huku akilipia maandalizi. Tanzania imo katika orodha ya nchi ambazo waajiri wa afya wa Uingereza hawaruhusiwi kuzifuata kwa kuajiri, ingawa daktari mmoja mmoja anaweza kuomba mwenyewe. Kwa sababu hiyo, wakala aliyenipigia simu akiahidi ajira ya haraka kwa malipo ya awali nilimkatia mazungumzo pale pale.

Nilichochagua ni shahada ya uzamili ya urejeshaji wa meno hapa Muhimbili, kwa ruhusa ya masomo inayoniacha na mshahara wangu. Wagonjwa ninaowapa rufaa kwenda Dar es Salaam kwa tiba ngumu ya mizizi ya magego, au kwa meno bandia ya kudumu, ndio niliowawekea hesabu: nikiwahudumia wachache tu kila mwezi Tanga, ada ya masomo haya itarudi mapema, tena kwa shilingi zile zile nilizozitumia.

Mdogo wangu kazini, ambaye hana anayemtegemea na ana dada mwenye ukaazi wa kudumu Marekani aliye tayari kumdhamini, aliiomba karatasi yangu akabadilisha tarakimu. Kwake hatari ya kukosa mdhamini iliondoka, na kurudi nyumbani hakumo katika mipango yake. Nilipoipitia upya nilimwambia aombe.