Siku moja na mtu wa TEHAMA Kigoma: "Leo mmetukatia tena?"

Saa 1:15 asubuhi. Chumba cha seva: kiyoyozi kinapuliza, betri za UPS, zinazoshika umeme ukikatika, zimejaa, nakala za akiba za usiku zimekamilika.

Saa 2:00. Kompyuta zote zinawashwa kwa mkupuo, na simu zinaanza kuita. Laini yetu ya intaneti ni megabiti 20 kwa sekunde, watu 60 tunagawana. Wengi husikia 20 wakadhani ni megabaiti. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo jengo zima lina megabaiti 2.5 kwa sekunde. Kompyuta kumi zikianza kushusha masasisho ya Windows ya megabaiti 500 kila moja, laini imekaliwa kwa zaidi ya nusu saa. Mfanyakazi anayesema "mimi sijafungua kitu" anasema kweli, maana masasisho hujishusha yenyewe, na simu yake mfukoni inapandisha picha bila kumwuliza.

Saa 3:20. Dada wa masjala anapiga: "Kaka, mfumo haufunguki, na mwenzangu hapa pembeni anafanya kazi vizuri tu. Mimi nimewakosea nini?"

Swali hilo linauma, kwa sababu kwa macho yake inaonekana kweli tumechagua wa kumkatia. Kwenye kompyuta yake tunaandika ipconfig, amri inayoonyesha anwani ya kompyuta kwenye mtandao. Anwani zetu huanza na 10.10, yake inasoma 192.168.0.104. Maana yake kuna rauta ngeni, kifaa cha kugawa intaneti ambacho si chetu, ndani ya jengo. Kompyuta ikiwaka huomba anwani na kupokea jibu la kwanza linalofika. Rauta ya dukani ikichomekwa kwenye poti (tundu la kebo) ya LAN, ya kugawia mtandao, badala ya WAN, ya kupokelea, nayo hujibu maombi hayo, na mara nyingi huiwahi seva yetu inayogawa anwani. Waliorudishiwa anwani ya jana wanaendelea, waliopewa mpya asubuhi wamekwama.

Kuisaka kunataka subira. Amri ya arp -a inatoa anwani ya MAC, namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe, ya rauta hiyo yenye anwani 192.168.0.1. Unaingia kwenye swichi, kifaa kinachounganisha kebo zote za jengo, unaitafuta, swichi inakujibu: poti ya 14. Unageukia paneli ya nyaya, lebo ya 14 imefutika. Sasa ni kufuata kebo kwa mkono, juu ya dari, chumba kwa chumba, huku kila mlango unaopita unauliza mtandao unarudi lini. Inapatikana nyuma ya kabati la mafaili, antena mbili, kebo fupi ya njano.

"Shikamoo mzee. Hii rauta ni yako?"

"Marahaba. Ni yangu, nimenunua kwa hela yangu. Wi-Fi yenu haifiki huku, na mimi nina ripoti ya kutuma."

Ana haki ya kulalamika: kuta za jengo hili ni nene, mawimbi yanafia kwenye korido. Rauta inachomolewa, chumba kinapimwa, kinaandikiwa kifaa chetu cha Wi-Fi. Kwenye swichi tunawasha kinga ya DHCP, yaani ya ugawaji wa anwani, ili poti ya mezani isiweze kugawa anwani. Kisha kila kompyuta iliyokwama: ipconfig /release kuachia anwani mbaya, halafu ipconfig /renew kuomba mpya. Moja moja.

Ugali na migebuka vimepoa tukifika mezani, na hapo wafanyakazi wanatuuliza kama tunasoma WhatsApp zao. Hapana. Ujumbe umefungwa kutoka simu hadi simu. Tunachoona ni kifaa, jina la tovuti, muda, na ukubwa wa data. Barua pepe ya ofisi ni tofauti: mwajiri anaweza kuifungua kwa utaratibu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamhusu yeye pia. Mfanyakazi anastahili kuambiwa hivyo siku ya kwanza kazini.

Mchana umekwenda wote kwenye mjadala wa YouTube. Mkuu wa kitengo kimoja anataka ifungwe, mratibu wa mafunzo anaihitaji. Kufunga kabisa kunawasukuma watu kuunganisha kompyuta ya ofisi na bando la simu, na hapo fayawoli yetu, ukuta wa ulinzi wa mtandao, haioni lolote, virusi vinaweza kuingia bila kupitia kizuizi hicho. Bora foleni: mifumo ya malipo inapita kwanza, video zote zinagawana megabiti 4 saa za kazi.

Miguu imechoka, lebo mpya ya poti ya 14 imebandikwa. Masasisho yamepangwa kuanza saa 3 usiku. Kebo ya chumba cha mzee imeshapita juu ya dari, kifaa chake kinafungwa kesho saa 4 asubuhi, na ameshaambiwa.