Mteremko wa Kurudi Uyole

Jumamosi iliyopita nilipanga kukimbia kilomita 32, ambayo yangekuwa mazoezi yangu marefu kuliko yote kabla ya kwenda Moshi kwa mbio za Kilimanjaro Marathon mwishoni mwa Februari. Niliishia ya 26, nikapanda kosta. Nimekaa na jambo hili siku nne bila kumweleza mtu yeyote nje ya nyumba yangu, na leo nimeona afadhali niliandike kama lilivyokuwa, kwa sababu kila ninapolisimulia kichwani mwangu hujikuta nalipunguzia uzito.

Niliondoka Uyole, hapa Mbeya, saa kumi na moja na nusu alfajiri, pale ambapo barabara ya kwenda Tukuyu na mpaka wa Kasumulu inaachana na barabara kuu ya Tunduma. Januari kwetu ni katikati ya majira ya mvua. Ilikuwa imenyesha usiku kucha, ukungu ulikuwa umelala hadi kwenye mitaro, na wauza maandazi ndio kwanza walikuwa wanawasha majiko yao. Nilikuwa nimekunywa kikombe kimoja cha chai na kula ndizi mbili. Glukosi niliyokuwa nimeinunua kwa ajili ya siku hiyo niliiacha mezani, nikiamini kwamba baridi ile haiwezi kumchosha mtu kiasi cha kuihitaji.

Mpango wangu ulikuwa kupanda hadi saa ya mkononi isome kilomita 16, kisha nigeuze. Uyole penyewe pako zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na barabara ile inapoelekea Isyonje huvuka mita 2,000, kwa hiyo nusu ya kwanza karibu yote ni kupanda. Nusu hiyo ndiyo niliyoiogopa wiki nzima. Nilikuwa nimejiwekea dakika sita kwa kila kilomita, kasi niliyoitoa kwenye ratiba ya mazoezi niliyoikuta kwenye intaneti, ambayo bila shaka mwandishi wake hakuwa akiifikiria barabara ya Isyonje, na nikaishikilia kasi hiyo hata pale kilima kilipokuwa kinanitaka waziwazi nipunguze. Kwenye mashamba ya viazi nilikutana na mzee aliyebeba jembe begani, akanisalimu, "Ugonile," nami sikuweza kumwitikia kwa sauti, nikainua mkono tu. Tumekuwa tukiambiana kwenye kikundi chetu cha jogingi kwamba katika mazoezi marefu pumzi inapaswa kukuruhusu kuzungumza. Ilikuwa kilomita ya tisa, na mimi nilikuwa nimeshindwa kujibu salamu ya mzee.

Niligeuza baada ya saa moja na dakika 38, na nilifurahi mno. Nilijiambia kwamba kazi imekwisha, maana nilikuwa na imani, ambayo wengi wetu tunaofanyia mazoezi kwenye vilima hivi tunayo, kwamba kupanda ndiko kazi na kushuka ni mapumziko. Nikaiachia miguu. Kilomita nne za mwanzo za mteremko nilizikimbia kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwenye saa yangu, malori ya mizigo yakinipita taratibu kwa gia nzito, na moyoni nikawa tayari nimeanza kupiga hesabu ya muda nitakaomaliza nao Moshi.

Kilomita ya 21 mapaja yalianza kutetemeka. Havikuwa vigimbi, ambavyo ndivyo hunisumbua ninapopanda. Ilikuwa misuli ya mbele ya paja, juu kidogo ya goti. Kila mguu ulipotua, goti lilitaka kukunjika, na ilinibidi nilizuie kwa nguvu ambayo hatua kwa hatua ilikuwa ikipungua. Pumzi nilikuwa nayo tele. Jambo hilo ndilo lililonichanganya zaidi, kwa sababu nimezoea kuchoka kifuani kwanza, na sikujua la kufanya na mwili ambao kifua chake kinasema twende na miguu yake inakataa. Kilomita ya 24 nilianza kutembea. Jasho likapoa, ukungu ukageuka manyunyu, nikaanza kutetemeka mwili mzima.

Kwenye kilomita ya 26 kuna kibanda cha mama anayeuza viazi kwa ndoo. Aliniona kabla sijamwona. "Mwanangu, njoo ukae hapa. Unaumwa?" Nikamjibu, "Hapana mama, nimechoka tu," na sauti ikanikatika katikati. Hakuniuliza tena. Alinifunika kanga yake, akanimiminia chai ya maziwa yenye sukari nyingi, akarudi kupanga viazi vyake. Nilikaa pale labda robo saa. Nilijaribu kusimama mara mbili na kushuka hatua chache, na mara zote mbili magoti yalinirudisha. Nikamshukuru, "Ndaga fijo, mama," kisha nikasimama kando ya lami kungoja gari.

Sikuwa na nauli. Konda wa kosta alinitazama viatu, akanitazama uso, akasema, "Panda tu, mama." Nilikaa dirishani nikaziangalia kilomita sita zangu zikipita kwa dakika chache, kila kona ambayo nilipaswa kuifikia kwa miguu yangu, na nililia kimyakimya hadi stendi. Nina umri wa miaka 41, nimekimbia nusu marathoni tatu, na nimeweka akiba ya nauli na malazi ya Moshi tangu Agosti. Jambo lililoniuma ni kwamba kwa mara ya kwanza niliona inawezekana kabisa nisimalize.

Jumatatu ndiyo iliyonipa mwanga. Kupanda ngazi za ofisini sikupata shida yoyote, lakini kushuka nilishuka kwa kushika ukuta, kama mama aliyetoka kujifungua. Tunapopanda, misuli ya paja husukuma ikiwa inajifupisha. Tunaposhuka, huzuia uzito wa mwili ikiwa inavutwa kurefuka, na kuvutwa huko ndiko kunakoichana nyuzi zake ndogondogo na kuleta yale maumivu ambayo hufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Miezi yote hii nimekuwa nikipima vilima kwa jinsi ninavyovipanda, na mara nyingi nilikuwa napanda kisha narudi kwa daladala ili kuokoa muda.

Na njia ya Moshi, katika nusu yake ya pili, hupanda kuelekea Mweka kisha hushuka kurudi mjini. Maana yake ni kwamba mteremko utanikuta nikiwa tayari nimechoka, pale hasa ambapo Jumamosi niliishia kwenye kosta. Mjomba wangu alikuwa akitusimulia habari za Juma Ikangaa, mwanariadha wetu wa Tanzania aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, na aliyekuwa wa pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990. Sikuwahi kuzingatia kwamba Boston ni mbio zinazoanza kwa kuteremka na vilima vikali vikaja baadaye. Sasa nazifikiria zile nafasi tatu za pili kwa heshima nyingine kabisa.

Nimeibadilisha ratiba. Nilisoma kwamba misuli ikishaumizwa na mteremko mara moja, mara inayofuata huumia kwa kiasi kidogo kuliko mwanzo. Ninachokijua ni kwamba hustahimili vizuri zaidi, na nina wiki chache tu za kuifundisha. Nitapanda bila kuitazama saa, na nitashuka kwa hatua fupi, glukosi ikiwa mfukoni.

Kanga ya yule mama nilipanda nayo kosta bila kukumbuka kuivua. Nimeifua na kuinyoosha. Jumamosi nitaifunga kiunoni, nipande hadi kibandani kwake, nimrudishie pamoja na kilo ya sukari, kisha nishuke zile kilomita sita hadi Uyole.