Kuvuka Kwenda Kigamboni

Tulitoka Mombasa alfajiri kwa basi, sisi vijana wa kanisa na mzee wetu mmoja. Tukagongewa mihuri Horohoro, na usiku tukaingia Dar es Salaam tumechoka taabani. Kulipokucha tukateremka Magogoni na magunia ya mchele na katoni za sabuni. Tangu 2016 kuna Daraja la Nyerere upande wa Kurasini, lakini ukiwa katikati ya mji kivuko ndiyo njia ya mkato kwenda Kigamboni.

Makao ya watoto tuliyokwenda kuyatembelea yako ndani ndani, barabara ya mchanga. Watoto walituamkia "Shikamooni!" kwa pamoja, kisha wavulana wakarudi kwenye mpira wao wa chandimu. Nilifurahi sana kwamba hawakupangwa mstari kutuimbia.

Mama mlezi alinikabidhi ungo wa maharage nichambue na binti mmoja wa shule ya msingi. Vidole vyake vyepesi! Vijiwe alivitenga ukingoni, vikubwa huku, vidogo kule.

"Dada, Mombasa nako kuna kivuko?"

"Kipo, Likoni."

"Mnalipa?"

"Watu wa miguu huvuka bure."

Akaacha kuchambua, akanitazama. "Bure kabisa? Basi bibi angekuja kila wiki."

Bibi yake yuko hai, yuko Rufiji. Baadaye nikamuuliza mama mlezi.

"Mwanangu, nikikwambia hawa wote hawana watu nitakudanganya. Wengi wana bibi, wana shangazi. Umaskini ndio uliowaleta hapa."

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na mama huyu anahangaika na afisa ustawi wa jamii ili wanaoweza kurudi kwao warudi. Nauli ya kumfuatilia bibi mmoja kijijini humtoka mfukoni. Wageni humletea pipi na nguo, na wengi hutaka picha. Sisi tulikubaliana simu zibaki kwenye mabegi, na naamini kila kundi lingefanya hivyo.

Ada ya shule za serikali ilifutwa, ila sare, viatu na madaftari bado vinanunuliwa. Kabla ya kuondoka nilikaa na mama mlezi tukaandika saizi za viatu, na chini yake nauli ya kwenda Rufiji na kurudi. Mzee wetu alikubali pale pale: mchango ujao utaanza na hiyo nauli, utumwe kwa simu, bila basi zima la wageni kuja kuukabidhi.