Vidole Viwili vya Akiba

Mama alilitoa gauni kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake, akalitandaza juu ya godoro, akalipangusa kwa kiganja kana kwamba lina vumbi. Halikuwa na vumbi. Lilikuwa limefungwa ndani ya shuka jeupe, karafuu zimetawanywa kwenye mikunjo, na lilipofunguliwa chumba kizima kilinukia karafuu na sabuni ya mche.

"Hili hapa," alisema. "Rangi si ndizo walizotaka?"

Ilikuwa Desemba 2013, nyumbani Tanga, zimebaki siku kumi na moja kufika harusi ya binti wa mama mdogo. Kamati ilishatangaza: upande wetu tuvae kahawia na machungwa, kila mtu na kitambaa chake, mradi rangi zioane. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam tangu Oktoba. Ofisi niliyokuwa nikifanya kazi ilitukalisha miezi mitatu bila mshahara, halafu asubuhi moja tukakuta mlango umefungwa kwa kufuli. Akiba yangu ilishakwisha kwenye kodi ya chumba. Mchango wa harusi alinilipia mama, na hilo peke yake lilikuwa limeniuma vya kutosha. Sikuwa na uso wa kumwomba na hela ya kitenge.

Gauni lile nililijua kwenye picha tu. Kitenge cha kahawia chenye makombe ya pwani ya rangi ya machungwa, kiuno kimebanwa, marinda yanashuka mpaka katikati ya muundi, mikono imejaa begani kama maandazi yaliyoumuka vizuri, na ndani ya mabega sponji. Mgongoni zipu ya chuma. Mama amesimama nalo mbele ya mlango wa studio, mkono kiunoni, na nywele za kitana cha moto.

Nililijaribu hapo hapo. Liliingia mpaka kifuani likagoma. Zipu ilipanda kidogo juu ya kiuno, ikasimama. Mama wa mwaka 1983 alikuwa mwembamba kuliko nilivyokuwa mimi nikiwa na miaka ishirini na saba. Nilijitazama kwenye kioo cha kabati, mabega yamesimama juu ya mabega yangu, nikajiona nimevaa umri wa mtu mwingine.

"Lipeleke kwa fundi alifumue," mama alisema.

"Likatwe, mama?"

Alinyamaza kidogo. Akaokota karafuu moja iliyodondoka shukani, akaitia mdomoni.

"Akate. Ila mwambie asitupe kipande hata kimoja."

Hapo ndipo aliponieleza lilivyopatikana, na ninaliandika hili kwa sababu nyuzi zake zote zinaanzia pale. Mwaka 1983 duka lilikuwa na muuzaji, halina cha kuuza. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita ya Kagera, fedha za kigeni hakuna, viwanda vinakosa vipuri na rangi. Sabuni foleni, sukari foleni, nguo ndiyo kabisa. Mwaka huo huo ikaja kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, na wenye bidhaa wakazidi kuzificha. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Siku moja shuleni kwao vilifika vitenge vya Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China, vipande vichache na walimu wengi. Wakapiga kura. Mama akapata yadi nne.

"Nililala nacho kitandani," aliniambia. "Wiki nzima sikukipeleka kwa fundi. Nilikuwa naogopa mkasi."

Kesho yake asubuhi nililifunga gauni kwenye kanga, nikaenda Ngamiani. Kulikuwa na mafundi vijana wengi wenye picha za mitindo mipya ukutani, lakini mama alinituma kwa mzee mmoja aliyekaa barazani na cherehani nyeusi ya miguu ya Singer, maandishi yake ya dhahabu yamebaki nusu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alilipokea gauni, na jambo la kwanza alilofanya ni kuligeuza nje ndani. Upande wa mbele, wenye makombe na mabega, hakuutazama kabisa. Alilivuta karibu na macho, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa ubavuni kuanzia kwapani mpaka nyongani, taratibu, kama anayesoma barua. Akafika mwisho, akarudi upande wa pili. Halafu akatabasamu.

"Hili lilishonwa wakati wa dhiki," alisema.

"Umejuaje, babu?"

Akanionyesha. Kila mshono wa gauni lile ulikuwa umeachiwa kitambaa cha akiba ndani, vidole viwili kila upande. Pindo la chini lilikunjwa vidole vinne. Hata kiunoni, mahali ambapo fundi yeyote angepunguza ili pasivimbe, kitambaa kilikuwepo, kimelazwa na kushikizwa kwa uzi wa mkono. Yeye mwenyewe alikuwa akishona miaka ile. Mtu akileta kitambaa, alisema, ulijua hatapata kingine mwaka huo, pengine wala mwaka unaofuata. Hukumshonea mwili aliokuja nao tu. Ulimshonea na ule atakaokuwa nao baadaye.

Akavuta ukingo wa blauzi niliyokuwa nimevaa, mpya, nimeshonesha Dar miezi michache nyuma. "Tazama hii. Ovaloki imekula ukingo wote, imebaki nusu kidole. Ukinenepa, hii utagawa." Tangu siku ile kila nikipeleka kitambaa kwa fundi naomba kabla hajashika mkasi: niachie vidole viwili. Wengine wanaona nawapotezea wakati. Naomba tu.

Tulipatana shilingi elfu kumi na mbili, pungufu kwa sharti kwamba kufumua nifumue mwenyewe. Akanipa wembe uliovunjwa nusu na kufungwa kitambaa upande mmoja, akanifundisha: usikate mfululizo, kata uzi mmoja, ruka mitano, kata mwingine, halafu vuta uzi wa upande wa pili utoke wenyewe.

Nilifumua jioni mbili, mkekani, mama akichambua mchele pembeni. Mshono wa kwanza wa ubavuni ulipofunguka nilisimama nikaenda nao mlangoni kwenye mwanga. Ndani ya ile akiba, mahali ambapo jua halikuwahi kufika wala sabuni kusugua, kitenge kilikuwa bado cha mwaka 1983. Kahawia yake ilikuwa nzito, karibu nyeusi, na machungwa yake yakiwaka. Nje, kahawia ile ile ilikuwa imefikia rangi ya chai ya maziwa, na hakuna aliyegundua kwa sababu ilififia yote kwa pamoja. Mama alishika ule ukanda mwembamba kwa vidole viwili akautazama muda mrefu.

"Ndivyo kilivyokuwa," alisema. "Nilishasahau."

Kulikuwa na kitu kingine. Kando ya mshono niliofumua kulikuwa na safu ya pili ya matundu madogo ya sindano, sambamba, kidole kimoja zaidi kuelekea ukingoni. Gauni lilishawahi kuachiwa likarudishwa.

"Mama, hili ulilipanua lini?"

Akacheka, akaweka ungo chini. "Siyo mimi. Mama yako mdogo huyo. Aliolewa 1984, na kitambaa cha kuvaa usiku wa wanawake hakikupatikana Tanga nzima. Tukaliachia ubavuni, akalivaa yeye. Asubuhi yake nikakaa nikalirudisha, kwa maana Jumatatu nilikuwa nalivaa kazini."

Jioni ya pili wembe uliniteleza. Nilikuwa nimechoka na taa ilikuwa hafifu, nikavuta uzi uliokwama kwa haraka, na wembe ukapita kwenye kitambaa chenyewe, mbele, nyonga ya kulia, mchano wa urefu wa kidole gumba. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Mama alikuwa uani. Nililikunja gauni nikakaa nalo mapajani, moyo unanienda mbio. Miaka thelathini lilipita kwenye foleni, kwenye harusi, kwenye maji ya kisima na pasi ya mkaa, bila kuchanika. Likaja kuchanika mikononi mwangu. Usiku ule sikumwambia. Nilimwambia asubuhi, naye akasema tu, "Mpelekee fundi, atajua."

Fundi alijua. Ila kwanza alikuwa na tatizo kubwa kuliko langu. Tukiachia ubavuni, ule ukanda mpya wa 1983 unatokeza nje, mstari mweusi kila upande, na watu wote wataona gauni limepanuliwa. Nilidhani ndiyo mwisho wa safari. Yeye aliiondoa mikono ile ya maandazi, akaifungua yote na kuitandaza barazani, nikashangaa wingi wa kitambaa uliokuwa umefichwa kwenye marinda ya begani. Mkono mmoja ulitosha kutoa mikono miwili mifupi ya kisasa. Wa pili akaukata mshazari, kanda za upana wa vidole vitatu, akieleza kwamba kitambaa kikikatwa mshazari kinakubali kupinda na mwili bila kukunjamana. Kanda hizo akazishona juu ya mbavu zote mbili kutoka kwapani mpaka pindoni, zikafunika ile tofauti ya rangi. Kwa aliyesimama mbali, ulikuwa mtindo uliokusudiwa tangu mwanzo, mistari miwili inayoshuka ubavuni na kuonyesha kiuno.

Sponji za mabega alizitoa akanipa mkononi. Zilikuwa zimekuwa njano, zikivunjika kama mkate mkavu. Zipu ya chuma alibadilisha akaweka ya plastiki ya kahawia. Urefu akaupunguza mpaka chini kidogo ya magoti. Matundu ya zamani ya sindano, yale yaliyobaki wazi kiunoni, aliyalowanisha kwa kitambaa chenye maji, akayapigia pasi, kisha akayasugua kwa ukucha huku na huku mpaka nyuzi zikasogeleana. Nilikaa nikimwangalia akifanya hivyo karibu saa nzima, tundu moja moja, kazi ambayo hakuna mtu angeiona.

Ule mchano wa nyonga alifanya mfuko. Alikata kidogo zaidi, pande zote mbili ili zifanane, akatia midomo ya kitambaa cha rangi ya 1983 aliyoikata kwenye pindo, na ndani mfuko wa kitambaa cha marekani. Gauni la mama halikuwahi kuwa na mifuko. Kitambaa cha mwaka ule hakikutosha anasa hiyo.

Vipande vyote vilivyobaki alivikunja akavifunga kwa uzi, akanirudishia. Vingine vilikuwa vidogo kuliko kiganja cha mtoto.

Nililivaa kwa mara ya kwanza usiku wa wanawake. Ukumbi ulijaa, feni zinazunguka bila kusaidia kitu, na kahawia na machungwa ya kila aina yamekaa upande wetu, vitenge vipya vinang'aa. Langu halikung'aa. Lilikuwa na rangi tulivu iliyokwisha kupoa, na niliporudi kutoka kuchukua juisi wanawake wawili nisiowajua waliniuliza kitambaa nimenunua duka gani.

Mama mdogo, mwenye shughuli, alikuwa akizunguka meza kwa meza akisalimia wageni. Alipofika kwangu alinikumbatia, akaniachia, halafu akasimama. Akatazama makombe. Akashusha mkono ubavuni mwangu, akabonyeza ule ukanda kwa vidole kama anayetafuta kitu chini yake.

"Dada," alimwita mama, bila kuondoa mkono. "Dada, njoo. Hili si lile?"

"Ndilo."

"Lile nililovaa mimi?"

"Ndilo hilo hilo."

Mama mdogo akanigeuza mbele, nyuma, mbele tena. "Wallahi usiku ule sikula," aliniambia. "Nilikuwa naogopa kukaa chini. Tuliachia kidole kimoja tu, mama yako alikataa kuachia vyote viwili. Alisema kingine tuweke." Macho yake yalikuwa yamejaa, na watu walikuwa wanamwita kutoka kila upande, na binti yake yuko jukwaani amekaa kama malkia. Hakuondoka haraka.

Baadaye taarab ikapamba moto. Mama, ambaye ujana wake ulikuwa kwenye taarab za Black Star na Lucky Star, vikundi vya Tanga, hajawahi kusikia fidla akakaa. Alikuja na noti zake mkononi, mpya, amezikunja moja moja za kumtunza mwimbaji, na mkoba wake ameuacha kwa jirani mezani. Akatazama huku na huku pa kuziweka. Kisha akausogelea ule mfuko wa nyongani, akazitia zote ndani, akaupigapiga juu.

"Nishikie," alisema.

Kila ubeti uliomgusa alirudi, akaingiza mkono mfukoni mwangu, akachomoa noti moja, akaenda nayo mbele akicheza, kanga kiunoni, mpaka karibu na saa nane za usiku zilipokwisha zote, naye akaendelea kuja na kuingiza mkono.